Kwenda Nabugoye kumkumbuka Kukhu

Jumatano, Nairobi hadi Bungoma

Basi limeondoka River Road saa mbili badala ya saa moja, kondakta akiwasubiri abiria wa viti vya nyuma. Kwenye mzunguko wa University Way nimeliona sinagogi la Nairobi nyuma ya ukuta na miti yake. Jengo hilo ni la 1955, ingawa ushirika wenyewe ni wa zamani zaidi. Sinagogi lao la kwanza lilijengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, aliwahi kupita hapa nami alipokuja kutibiwa macho. Alitazama geti, akatazama askari, kisha akasema kwa Kigisu, "Hawa wana ulinzi. Sisi mlimani tuna mbuzi."

Safari hii ya kwenda Nabugoye, kilima karibu na Mbale, Uganda, alikoishi na Wayahudi wenzake, ni ya kumbukumbu yake ya mwaka mmoja. Simu ya kifo chake ilinifikia asubuhi, na kabla ya jua kuzama siku hiyohiyo alikuwa ameshazikwa. Ndivyo Wayahudi wanavyofanya: maiti huoshwa, huvishwa nguo nyeupe za kawaida, hupelekwa kaburini haraka. Hakuna kulala mochari wiki mbili, hakuna kikao cha harambee kila jioni, wala kijitabu chenye picha za rangi. Ndugu zangu wa Bungoma hawakuamini. Baba mkubwa aliuliza kama kuna jambo linafichwa. Kwa hiyo mimi sikumzika Kukhu. Nilifika siku ya tatu ya matanga, nikakuta watu wameketi kwenye mikeka na vioo vimefunikwa.

Tarehe nayo imesogea. Mwaka jana ilikuwa Desemba, mwaka huu ni Novemba, kwa sababu wanahesabu kwa mwezi. Msomaji aliyezoea Idi kurudi nyuma kila mwaka ataelewa haraka. Tofauti ni kwamba Wayahudi huongeza mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19, ili Pasaka isikimbie majira yake. Kukhu alikuwa na hesabu hiyo kichwani. Alisoma hadi darasa la nne tu, lakini kijiji kizima kilimuuliza yeye.

Tulipopita Gilgil niliwaza wale Wayahudi wengine, wafungwa wa Waingereza kutoka Palestina, waliozuiliwa katika kambi hapa mwaka 1947 na 1948. Abiria jirani yangu alikuwa akila mahindi ya kuchoma, na sikuona sababu ya kumsumbua kwa habari hizo.

Eldoret ndiko nilikotaka kukaa na mawazo yangu. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapendekezea Wazayuni wa Theodor Herzl, waliowatafutia Wayahudi nchi yao, ardhi katika uwanda huu wa Uasin Gishu, ili Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi wapate kimbilio. Watu wakauita mpango wa Uganda, kwa sababu hadi 1902 eneo hili lilihesabiwa upande wa Uganda. Tume ya watu watatu ilikuja kukagua, na mwaka 1905 mkutano wao kule Basel ukakataa. Mwaka huohuo Waingereza walimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, si mbali na hapa. Katika mazungumzo yote hayo ya kugawa ardhi, hakuna aliyewauliza Wanandi wala Wamaasai.

Nilimsimulia Kukhu kisa hicho nikidhani atasikitika. Alicheka hadi akashika mbavu. "Wangekuja, sisi tungekuwa vibarua wao," akasema. Miaka kumi na minne baada ya mkutano ule, upande wa pili wa Mlima Elgon, watu weusi wakajifanya Wayahudi wenyewe bila kuahidiwa ardhi na mtu yeyote. Herzl hakuishi kuyaona hayo, alifariki 1904.

Nimelala kwa baba, Bungoma. Upande huu sisi ni Waquaker, Wakristo wa kanisa la Marafiki. Baba aliomba kimya kirefu kabla ya chakula, kisha akasema, "Mwambie mama mkwe tunamkumbuka." Mama hakusema kitu. Yeye atafuata Jumamosi usiku pamoja na kaka yangu.

Alhamisi, Malaba na Mbale

Malaba haina jipya: malori yamepanga foleni hadi huwezi kuona mwisho wake, wabadilishaji fedha wana mabunda mkononi, bodaboda wanakuita kila mmoja kwa jina ambalo si lako. Kitambulisho cha Kenya kinatosha kuvuka. Kituo ni kimoja siku hizi, unagongewa Kenya na Uganda chini ya paa moja. Kisha matatu hadi Tororo, mwamba wake ukiwa umesimama peke yake juu ya mji, na gari jingine hadi Mbale.

Mbale ni mji wa Semei Kakungulu, na hata Abayudaya, kama Wayahudi wa huku wanavyoitwa, ni watu wake. Alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza nchi hii ya mashariki, akitarajia kuwa mfalme wake. Walimtumia, kisha wakampunguza madaraka kidogokidogo. Alikuwa msomaji wa Biblia, tena msomaji mbishi. Aliposoma amri ya tohara, akaambiwa na wenzake wa madhehebu kwamba hilo ni jambo la Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akajitahiri, akawatahiri na wanawe. Mwaka uliofuata alikutana na Myahudi mgeni aitwaye Yosef, aliyekaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Kakungulu alifariki Novemba 1928.

Hiyo ndiyo hadithi anayopewa kila mgeni, na ni ya kweli. Kinachonisumbua ni kwamba imejaa wanaume. Jemadari, mwanawe, mwalimu, mzee, rabi. Baba yake Kukhu alikuwa mmoja wa vijana waliomfuata Kakungulu, na jina lake hutajwa kwa heshima. Mama yake Kukhu, aliyeacha kupika kambare siku moja kwa sababu Torati inataka samaki mwenye magamba, akakosana na wakwe kwa ajili hiyo, hana pa kutajwa.

Mama mdogo alinipokea stendi karibu na mnara wa saa. Tulipanda bodaboda mbili hadi kilimani. Alinitazama juu hadi chini. "Umekonda. Nairobi hawali?" Kisha akanipa kapu la ndizi nilibebe.

Ijumaa, Nabugoye

Nimeamshwa kabla ya mapambazuko. Ijumaa nyumbani kwa Kukhu haijawahi kuwa na mchezo. Kila kitu cha kesho lazima kiwe tayari jua likizama: kuni zimepasuliwa, maji yamechotwa, matoke yamefungwa kwenye majani ya mgomba na kuwekwa juu ya makaa yatakayokaa na joto hadi mchana wa Sabato. Mama mdogo alitwanga karanga. Mimi nilipewa malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, niyaoshe hadi harufu ya moshi ipungue. Kuna wakati nilijikuta nageuka kumuuliza Kukhu chumvi ni kiasi gani.

Katika jiko hili, mama mdogo alisema, ndimo dini ilimokaa wakati wa Amin. Nilikuwa nimesikia vipande, safari hii nikamwomba anisimulie vizuri. Amin alianza akiwa rafiki wa Israeli. Mwaka 1972 aliwafukuza Waisraeli wote, na dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku nchini. Masinagogi yalifungwa, mengine yakabomoka. Waliokuwa kama 3,000 wakabaki wanaokaribia 300. Wengi waliingia kanisani au msikitini, na Kukhu hakuwahi kuwasema vibaya. "Mtu mwenye watoto hushika kilicho karibu," ndivyo alivyosema.

Yeye alifanya hivi. Ijumaa jioni aliwasha koroboi mapema, akaiweka chini ya meza ili mwanga usionekane nje, na hakuigusa tena hadi ilipozima yenyewe. Jumamosi alitangaza kwamba ana homa. Jirani mmoja Mwislamu, mke wa fundi baiskeli, alijua fika kwamba hakuna binadamu anayeugua kila Jumamosi kwa miaka saba. Askari walipopita kuuliza, mwanamke huyo aliwajibu kwa Kiswahili cha kambini, "Huyo mama ni mgonjwa, acheni." Mama mdogo alikuwa mdogo kiasi kwamba aliamini kweli mama yake ni mgonjwa. Alikuwa akilia kila Jumamosi.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo ndiyo Pasaka ya Kiyahudi, ya kukumbuka kutoka utumwani Misri, ilikuwa inaanza. Watu wa hapa hulisimulia hilo polepole, wakikuangalia usoni kuona kama umeelewa. Waliomwondoa Amin walikuwa wanajeshi wa Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na Kukhu, ambaye hadi kufa kwake alikichukulia Kiswahili kuwa lugha ya mtu mwenye bunduki, aliwasamehe Watanzania peke yao. Redio ikitaja Tanzania alikuwa anaongeza sauti.

Alasiri nilipita shambani kwake. Ni msimu wa kahawa, matunda mekundu yameiva, lakini hakuna aliyekuwa akichuma. Ukichuma kahawa leo lazima uimenye leo kwenye mashine ya mkono, iloane usiku, uioshe kesho. Kesho ni Sabato. Kwa hiyo wao huacha kuchuma Alhamisi. Majirani Waislamu wanasimama Ijumaa mchana kwa swala, Wakristo hawagusi kitu Jumapili. Mwaka 2004 J.J. Keki, mkulima wa Kiyahudi wa hapa, alipita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wa dini zote tatu wauze kahawa pamoja, wakaanzisha ushirika wa Mirembe Kawomera. Kukhu alijiunga mapema. Lalamiko lake kubwa lilikuwa kwamba mikutano haina pa kuwekwa: Ijumaa hapana, Jumamosi hapana, Jumapili hapana, Jumatano ni soko. Kikundi chao kidogo cha akina mama kimekuwa kikikutana Jumatatu tangu hapo.

Jua lilipokaribia kuzama tulivaa nguo safi. Mama mdogo aliwasha mishumaa, akafunika macho.

Sabato

Sinagogi la sasa ni kubwa, la matofali, lilifunguliwa mwaka 2016. Kukhu hakulipenda sana mwanzoni, alisema sauti inapotea juu. Asubuhi hii lilikuwa limejaa watoto. Zaburi zinaimbwa kwa Kiganda kwa nyimbo za huku, kisha Kiebrania, kisha Kiganda tena. Msichana wa sekondari alisoma Torati bila kukwama. Wanawake husoma hapa. Kuna ushirika mwingine, kule Putti, unaofuata njia ya Kiyahudi ya Kiothodoksi, iliyo kali zaidi, ambako haiwi hivyo. Khocha, yaani mjomba, alininong'oneza kwamba msichana huyo ni mmoja wa wale waliolipiwa karo na Kukhu. Nilifikiri ni ndugu. Si ndugu, hata kidogo.

Ibada ilikuwa ndefu na mawazo yangu yalitangatanga. Niliwaza mwaka 2002, marabi walipokuja kutoka Marekani na Israeli kuwahoji watu na kuwapokea rasmi, ili Wayahudi wa kwingine wawatambue. Mamia walikubali. Wengine walikasirika: kwa nini nipokelewe mahali nilipozaliwa? Kukhu alikasirika kwa wiki nzima, kisha akaenda kuzama majini kama walivyotakiwa. "Wakitaka niloane, nitaloana," alisema. "Sabato nimeishika kabla baba zao hawajajua Mbale iko wapi." Hakufanya kwa ajili yake, alifanya kwa ajili ya wajukuu wanaosoma, wasije wakafungiwa mlango huko nje. Gershom Sizomu, ambaye babu yake alikuwa kiongozi hapa, alikwenda Los Angeles kusoma, akawekwa wakfu kuwa rabi mwaka 2008; baadaye akachaguliwa mbunge. Kukhu alimpigia kura na kumlaumu kwa barabara mbovu siku moja hiyohiyo.

Mama yangu alikuwa ameshaolewa Bungoma muda mrefu mwaka huo wa 2002, hakurudi kuzama. Kwa hesabu ya marabi wengi, basi, mimi si Myahudi. Kukhu aliniona nikisikiliza mjadala huo siku moja, akanituma nikamletee kuni.

Alasiri tulilala. Hakuna simu, hakuna jiko, hakuna kwenda kaburini. Kumbukumbu yenyewe inaanza leo usiku, Sabato ikishatoka. Nyota tatu zilipoonekana, Khocha aliwasha taa ya kumbukumbu inayowaka usiku na mchana mmoja, akaiweka kwenye sahani yenye maji ili panya wasiisogelee. Mama na kaka yangu walifika karibu saa nne, wamechoka kwa vumbi la njiani. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye ile taa, hakumsalimu mtu kwanza.

Jumapili

Kaburi liko nyuma ya nyumba, kati ya migomba na kahawa. Tumeweka jiwe lenye jina lake kwa herufi za Kiebrania na za kawaida. Kila aliyekuja aliokota kijiwe na kukiweka juu. Maua hayaletwi. Khocha na wanaume na wanawake waliozidi kumi wakasema Kadishi. Ni sala ya wafiwa lakini haimtaji marehemu wala kifo hata mara moja. Inamsifu Mungu tu, kwa Kiaramu. Nimejifunza kuijibu. Kuisema sijaweza.

Kisha watu walizungumza, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilimjua nusu tu. Mimi nilimjua nyanya wa karanga na maneno makali. Katekista wa kanisa la bondeni alisimama akasema mkewe alipojifungua usiku wa mvua, Kukhu ndiye aliyemshikilia bodaboda njia nzima hadi zahanati. Yule mke wa fundi baiskeli, sasa bikizee, aliletwa ameshikwa mkono na mjukuu. Alisema kila mwezi wa Ramadhani Kukhu alimletea uji wa kufuturu, na kila Pasaka yeye alihifadhi unga wote wa Kukhu nyumbani kwake, maana wakati huo Myahudi hatakiwi kuwa na chachu chini ya paa lake. "Pasaka ikiisha anakuja kuuchukua, na kila mwaka ananishtaki nimepunja," akasema, watu wakacheka makaburini bila aibu.

Mama mdogo alizungumza mwisho. Alisema kazi ambayo hakuna aliyeijua ni ya kuosha maiti. Wanawake waliokufa katika ushirika, kwa zaidi ya miaka ishirini, waliogeshwa na Kukhu na wenzake wawili. Kazi hiyo haishukuriwi kwa sababu anayestahili kushukuru hawezi tena. Aliifanya usiku na mvua, akarudi nyumbani, akanawa mikono nje kabla ya kuingia, akapika. Watoto walidhani anatoka sokoni.

Mama yangu alilia hapo. Alikuwa ameondoka nyumba hii akiwa na miaka kumi na tisa.

Tulikula hadi jioni. Katekista alikula matoke na maharage akaacha nyama kwa adabu, hadi Khocha alipomwambia imechinjwa vizuri kuliko ya kwake.

Jumatatu

Kikundi cha akina mama kimekutana barazani kwa Kukhu kama kawaida, daftari lake mezani. Ajenda ilikuwa moja: nani achukue kazi zake. Katibu alianza kuziorodhesha, na baada ya dakika chache akaomba karatasi nyingine. Kuweka hazina ya kikundi. Kukumbusha tarehe za sikukuu. Kutembelea wagonjwa. Kupima kahawa ya wajane wasioweza kubeba magunia. Kuosha marehemu. Karo.

Palizuka ubishi mkali. Mama mmoja alisema kazi zote zipewe mtu mmoja kama zamani, mwingine akamuuliza amtaje mtu huyo. Hatimaye zikagawanywa. Hazina imekwenda kwa mama wa Kikristo mwenye mashine ya kusaga, kwa sababu ana kikokotoo na hana huruma. Kalenda amepewa yule msichana aliyesoma Torati. Ana simu yenye programu ya tarehe za Kiebrania, ingawa wazee walimtaka aihakiki kwa mwezi angani. Kuosha marehemu, mama mdogo alinyoosha mkono kabla hajaulizwa, akatazama chini.

Ikabaki karo. Kwenye daftari kuna watoto wanne: Myahudi mmoja, Waislamu wawili, na mmoja ambaye hakuna aliyekuwa na uhakika. Fedha zilikuwa zikitoka kwenye kahawa ya Kukhu, na kahawa hiyo sasa ni ya warithi, ambao wana watoto wao. Khocha alikohoa. Mama yangu akasema tutachangia kutoka Bungoma na Nairobi. Akanitazama, na wote wakanitazama.

Nilisema naweza kubeba wawili. Mama mdogo alisema hakuna kubeba nusu, wanne walianza pamoja. Nikataja mshahara wangu. Akanitajia bei ya kahawa ya mwaka ule Kukhu alipoanza. Tumekubaliana watatu kwangu, mmoja kwa kaka, ambaye alikuwa nje akinunua maji na hajui bado.

Muhula wa kwanza unaanza Februari. Nimeandika majina yao na namba ya mhasibu wa shule kwenye simu, na basi la kurudi Malaba linaondoka saa saba.